Gari Lisilopiga Hodi

Gari langu la zamani lilikuwa na kelele za kuudhi. Lilikuwa refu, la dizeli, na ekzosi yake ilishachomelewa mara nyingi mpaka fundi wangu pale Mbinga akaanza kunikwepa. Likipanda mlima, watu kwenye mashamba ya kahawa walikuwa wanainua vichwa. Nililipenda hivyo hivyo. Lilinipeleka kazini, likanibebea saruji, likabeba wagonjwa wa majirani na bibi harusi mmoja aliyeshuka ananuka dizeli. Lakini lilikuwa linakunywa mafuta bila huruma, na mshahara wa mtumishi wa serikali hauwezi kutunza mlevi.

Ndipo nikanunua gari la mseto lililokwisha kutumika Japani. Lina injini ya petroli, na lina betri kubwa unayoichaji nyumbani kwa waya. Fundi umeme akanifungia soketi upenuni. Jirani yangu, mama mmoja asiyejua kunyamaza, alipoliona limechomekwa alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani dada, gari nalo linachajiwa kama simu? Umeme ukikatika utalisukuma?"

Nikamwambia petroli ipo, na siku akitaka lifti akumbuke kicheko chake.

Jumamosi iliyofuata nikateremka nalo ziwani kwa mama. Mama anaishi peke yake Kihagara, katika nyumba ileile alikoolewa. Gari hili lina tabia ya kujichaji lenyewe likiteremka mlima. Betri niliyoimaliza njiani ikaanza kujaa tena kwenye kona za kushukia Mbamba Bay, na kutoka pale nikaenda kwa umeme mtupu. Kwenye mchanga wa kijijini hata mimi mwenyewe sikulisikia. Nilifurahi sana, nikasema leo namshtukiza mama.

Siku zote nilikuwa namkuta ameketi mlangoni, khanga safi, kilemba kichwani, uso ameuelekeza barabarani. Jikoni maji ya ugali yanachemka. Kwake ni aibu mgeni akute jiko limelala, hata kama mgeni mwenyewe ni mwanaye. Nikishuka tu kwenye gari, ananiambia, "Umekonda." Aliniambia hivyo hata mwaka ule nilionenepa mpaka magauni yakanikataa. Nilidhani ni mapenzi ya mama.

Siku hiyo mlangoni hapakuwa na mtu. Nikazunguka nyuma ya nyumba huku nikijizuia kucheka.

Mama alikuwa amepiga magoti uani. Ungo wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, ulikuwa umepinduka, naye alikuwa anapapasa chini kwa viganja vyote viwili, akiokota samaki pamoja na kokoto na kuvirudisha vyote kwenye ungo. Kuku walikuwa wanadonoa pembeni ya mkono wake na hakuwafukuza. Mkononi alikuwa na makovu ya moto, mengine mabichi. Khanga aliivaa ndani nje.

Nikamsogelea. Akasikia hatua.

"Nani wewe? Kama ni kuku umefuata, mwenye nyumba yupo."

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. Kwanza alitafuta kilemba chake, akajifunga, akajifuta magoti. "Gari lako liko wapi?"

"Liko mbele ya nyumba."

"Muongo. Sijalisikia." Kisha akaelewa. "Umeliuza."

"Nimenunua jingine. Halina kelele."

"Umeniuzia gari langu," alisema. "Lile likianza kulia pale kilimani, mimi najua unakuja. Nawasha moto, nabadilisha nguo, nakaa mlangoni. Leo umeniingilia kama mwizi."

Hasira zangu huwa haziko mbali. Nilimfokea mama yangu, mwanamke mzima mimi, uani kwake. Tangu lini haoni? Kwa nini hakusema? Angeungua akafa humo jikoni nani angejua? Alinisikiliza mpaka nikachoka.

"Ningesema ungenichukua," alisema. "Dada yangu watoto wake walimchukua akapumzike siku chache tu mjini. Karudi kwenye sanduku. Nyumba yake unaijua, sasa hivi wanalala mbuzi."

Aliyosema ni kweli. Na ni kweli pia kwamba pale nilipokuwa nafoka, kichwani nilishapanga chumba atakacholala Mbinga.

Nikakaa chini, tukachambua usipa pamoja. Nilimtazama macho kwa karibu. Yalikuwa na ukungu mweupe katikati. Nikamwambia mimi si daktari, lakini huenda ni mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho anatolewa. Twende hospitali wamwangalie, na wakimaliza namrudisha hapa hapa. Hakukubali jioni ile. Asubuhi nilimkuta ameshaoga, kifurushi kiko miguuni.

Nikafunga mlango, nikamwongoza mpaka kwenye kiti cha mbele. Baada ya muda akauliza, "Mbona huwashi?"

"Tunakwenda, mama. Tumeshapita shule."

Akasikiliza. Akashika dashibodi kwa mkono mmoja, kuhakikisha. Halafu akaninyooshea mkono wa pili, kiganja wazi.

"Ufunguo wa nyumba."

"Nimeuweka kwenye mkoba wangu, hautapotea."

"Leta."

Nikasimamisha gari, nikampa. Akaufunga kwenye pindo la khanga, akakaza fundo, akalikaza tena.

"Ufunguo ukikaa kwako, umenihamisha," alisema. "Ukikaa kwangu, nimekwenda hospitali."