Usihesabu Kete Watu Wakiwa Bado Wanakula

Siku yangu ya kwanza kazini pale Mpemba, kwenye maegesho ya malori karibu na mpaka wa Zambia, nilikabidhiwa kompyuta nne na chumba kilichonuka dizeli. Madereva wa malori walikuwa wanasubiri foleni ya mpaka, na Mkurugenzi wetu alitaka wacheze drafti na kompyuta humo ndani huku wakinunua chai. "Mama Neema," aliniambia, "mashine ikimfunga Mulenga, chumba kinabaki. Ikishindwa, nakifanya stoo, nawe utafute kazi." Mulenga alikuwa dereva wa Zambia, bingwa wa maegesho yote.

Programu ya drafti tuliiandika wawili, mimi na fundi Ambakisye. Ni haki niseme sehemu ngumu ni yake. Mimi niliishia darasa la saba, kompyuta nilijifunzia kazini. Ilikuwa inatazama hatua chache mbele, kisha inahesabu kete: mwenye nyingi ndiye anayeongoza. Mulenga aligundua mapema. Akawa anailisha kete moja, inajiona imeshiba, halafu yeye anakula tatu.

"Bamayo, mtoto wako mlafi," alinicheka, akiniita mama kwa lugha ya kwao.

Hapo nikaliona kosa, sijui kama nitalieleza vizuri. Huwezi kuhesabu kete watu wakiwa bado wanakula. Tukaifundisha: kama kuna kete ya kuliwa ubaoni, endelea kutazama mpaka patulie, ndipo uhesabu. Hilo nadai ni langu, na Ambakisye hajawahi kunibishia.

Safari iliyofuata Mulenga alihangaika. Kete zetu zilikuwa tano, zake nne, zamu yake, mara mwenzake akaita dirishani kwamba foleni imesogea. Akaondoka.

"Tumeshinda," akasema Mkurugenzi, aliyekuwa akitazama.

Nilijua naweka kazi yangu rehani. "Bado, Bosi. Ana kete ya kula. Hata mashine yenyewe inasema imezidiwa."

"Mama, wewe unajichongea." Hakuamua lolote. Nami nikauhifadhi mchezo ndani ya kompyuta kama ulivyo.

Mulenga alirudi na wenzake. "Bamayo, zamu yangu ipo?"

Ilikuwepo. Akala mbili, akaingia kingi, akatufunga. Wenzake wakacheza mpaka foleni ikawaita, na kila mmoja akataka mchezo wake atunziwe mpaka atakaporudi. Mkurugenzi alitazama vikombe vya chai vilivyojaa mezani, chumba akakiacha. Stoo akaijenga nyuma.

Nimestaafu pale pale. Siku hizi simu inamfunga bingwa yeyote, na vijana wanaona tulihangaika bure, huenda. Lakini siku niliyoaga, kompyuta ya dirishani ilikuwa na mchezo wa Mulenga ambao haujaisha. Aliyenirithi nilimwachia agizo moja: usiufute, ni zamu yake.