Kidole cha Mwenye Duka la Ramani

Matanga yalipokwisha, shemeji yangu alikuja kwangu Schaerbeek, huku ughaibuni, kuangalia vitu vya marehemu mume wangu. Viatu na makoti hakuvigusa. Alisimama mbele ya ramani.

"Bon, maman. Kama iko ya kweli, tunauzisha, famille inagawana. Kama iko ya bongo, ya uongo, ubakie nayo."

Ilikuwa ramani ya Afrika ya Waholanzi wa zamani, waliochonga kwenye bamba la shaba kisha wakachapa kwenye karatasi. Pale ambapo Lubumbashi yetu ingekuwa, mchongaji hakujua kitu, akaweka tembo. Mume wangu alicheka kila tulipokaa mezani: "Ona jirani yetu." Mimi sikucheka. Pembeni mwa ramani walisimama watu weusi uchi, wawili wawili, kama nyama buchani. Miaka yote nilikula nikiwa nimewapa mgongo. Lakini yeye aliipangusa vumbi kwa shati lake mwenyewe, na sasa sikutaka iondoke.

Tulikwenda mtaa wa Ixelles, kwenye duka la ramani za kale. Shemeji alikosa pa kuegesha, akabaki garini. Mwenye duka aliikagua kwa lenzi. Halafu akalamba kidole, akamsugua tumboni mwanamke mmoja wa pembeni mwa ramani. Rangi ya kahawia ikahamia kidoleni. Akaniletea kidole kile karibu na uso, kiking'aa kwa mate.

"Chapa ni ya kale, madame, ya kweli kabisa. Rangi ndiyo mpya. Mtu amewapaka ili wauzike." Aliendelea kusugua mpaka mwanamke akabaki mistari mitupu. "Nikiinunua, hawa nitawakata mmoja mmoja. Wateja wanapenda kuwatundika chooni. Wanachekesha."

Nilichukizwa na mate yake, na yule aliyepaka, na mchongaji aliyekaa kwao Amsterdam akichora matumbo ya watu asiowahi kuwaona. Nilichukua ramani ingali na unyevu, nikatoka.

Shemeji akashusha kioo. "Alors? Ya bongo?"

Ningeitikia tu, ingekuwa yangu.

"Ya kweli," nikasema. "Ila anataka kuwakata watu wa pembeni."

"Hawa badogo? Abakate. Iko karatasi tu, maman."

Aliwasha taa za dharura, akaitoa ramani mikononi mwangu, akaingia nayo dukani. Sikumngoja. Nilirudi kwa basi.