Waliojitolea Hawajala

Nyanjige, mpishi wa shule ya watoto wasiojiweza nje kidogo ya Bariadi, alikuwa na fahari moja tu maishani: hakuna aliyewahi kushika jembe kwake akaondoka na njaa. Mume alikufa, ng'ombe wakachukuliwa na mashemeji, nyumba ikaliwa na mchwa, lakini jina hilo lilibaki. Alipopata kazi shuleni alilibeba pamoja na mwiko wake, akaendelea kulitunza.

Shule nayo ilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Aliletwa na masista, ndiyo maana watoto walimwita Misheni. Ndama wake alikwisha kuuzwa ili kuezeka bweni. Maziwa hayakutosha shule nzima, kwa hiyo Nyanjige aliyatia kwenye uji wa wadogo tu, na ya kwanza kabisa yalikuwa ya Sayi, kabinti kalikoletwa kakiwa mifupa mitupu, kakakataa kila kitu isipokuwa maziwa. Sasa Sayi alikuwa na mashavu. Nyanjige aliyapenda mashavu yale kuliko kitu chochote duniani, wala hakuficha.

Basi ikaja miaka ya soko huria. Zamani, wakubwa wanakumbuka, kujitolea kulikuwa lazima: filimbi inapigwa, usipotokea kuchimba msingi wa zahanati unatozwa faini. Sasa kujitolea kukawa kwa hiari, na kwa kuwa kulikuwa kwa hiari, kukahitaji fulana. Kampuni moja binafsi iliyokuja kununua pamba ilitaka kuonekana ina huruma kuliko kampuni nyingine, ikamtafuta Mihayo, manju wa kikundi cha kulima kwa ngoma, mwenye mifugo mingi na sauti kubwa kuliko mifugo yake. Ikampa fulana nyeupe za kikundi kizima, wajitolee siku moja kwenye shule ya maskini, na shule achague mwenyewe. Mihayo akachagua iliyo karibu na kwake.

Mkuu wa shule, Mwalimu Joakim, alifurahi mno. Yeye alikulia Mwanza mjini. Alimweleza Nyanjige kwamba hawa ni watu wa kujitolea, hawadai chochote, maji ya kunywa yatatosha. Nyanjige akauliza kama watalima. Mwalimu akasema watalima, tena sana. Nyanjige akarudi jikoni kuhesabu chakula kilichobaki.

Walifika asubuhi, wanaume kwa wanawake, na ngoma mbili. Kwanza walivua fulana wakazitundika kwenye ua wa minyaa zisichafuke. Kisha wakajipanga mstari, majembe yakaanza kupanda na kushuka kwa mdundo, mengine yakirushwa juu na kudakwa. Kabla uji haujachemka, shamba la mahindi la shule lilikuwa limekwisha. Lakini mtu aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda kujitolea kutwa nzima hawezi kurudi asubuhi ile ile, mkewe atamfikiriaje? Wakalima njia. Wakalima kiwanja cha mpira, goli hadi goli, matuta mazuri sana. Wakalima mbele ya ofisi na nyuma ya choo, kisha wakaanza kumzunguka Mwalimu Joakim, aliyekuwa amesimama mahali pa mwisho pasipolimwa. Mwalimu aliendelea kushukuru.

Adhuhuri kijana wa kampuni akafika na pikipiki na kamera yake. Kikundi kikanawa, kikavaa fulana, kikapigwa picha kikiwa safi kama watoto wa komunyo ya kwanza. Watoto wa shule walipangwa mbele, wakaombwa wasitabasamu sana. Kijana akawasha pikipiki akaenda zake, na kikundi kikaketi kivulini, upande wa zizi.

Hakuna aliyeomba chakula. Mwenye adabu haombi. Aliyelimiwa na kikundi hukichinjia, na jambo hilo watu wa huko hulijua tangu wakiwa wananyonya. Nyanjige akatoa kila kilichokuwepo: uji, michembe ya viazi vikavu, na ugali wa watoto wa mchana. Vyote vikaliwa kwa shukrani, kama watu wanaoonja huku wakisubiri chakula chenyewe. Kisha Mihayo akaanza kuimba polepole, bila ngoma, wimbo wa jiko lisilotoa moshi. Mahali pa jina la mwenye jiko hakutia jina. Alipapitia kwa mluzi.

Nyanjige aliielewa nafasi ile. Likitiwa jina lake, wimbo utaimbwa mashambani mpaka Maswa, na utaendelea kuimbwa yeye akiwa kaburini. Mwalimu Joakim alimsihi asihangaike, kwani wale walikuja kwa hiari yao.

"Mwalimu, hiari ni ya kuja," Nyanjige akasema. "Wakishalima, hakuna hiari tena."

Mwalimu akaenda kumfafanulia Mihayo maana ya kujitolea, na hakufupisha. Mihayo alisikiliza kwa heshima zote, akakubali kila neno, akasema wao hawadai kitu hata kidogo, wanapumzika tu mpaka jua lipungue. Nyuma yake mtu alikuwa ananoa kisu.

Misheni akachinjwa alasiri ile. Nyanjige mwenyewe ndiye aliyemfungua kamba. Alilia mbele ya watu, akapika vizuri kuliko siku zote, na hakuonja. Jioni Mihayo akaja kuaga, fulana ikimbana tumboni.

"Wabeja, mayu," akamshukuru mama huyo kwa Kisukuma. "Mkiwa na shida tena, tuiteni."

"Wabeja, baba. Kesho na sisi tutakuja kwako."

Mihayo akauliza watakuja kufanya nini.

"Kujitolea," Nyanjige akasema.

Kikundi kizima kilikuwa kinasikia, na kumkataa anayetaka kukulimia ni aibu isiyosemeka. Mihayo akacheka, akasema karibuni, akiwafikiria watoto watatu wanne na majembe mabovu.

Ilikuja shule nzima. Wenye majembe walikuja na majembe, wasio nayo wakaja na vijiti, na ngoma yao ilikuwa debe. Sayi alikuwa mgongoni kwa Nyanjige, kwa sababu asubuhi ile alikuwa ameukataa uji usio na maziwa, akafunga mdomo kama zamani. Mwalimu Joakim alifuata nyuma akisema hii ni elimu ya kujitegemea. Wakapalilia pamba ya Mihayo, wakang'oa magugu mengi na pamba kiasi, kwa bidii ambayo mtu angeona haya kuikaripia. Walipomaliza shamba wakalima uani. Mke wa Mihayo alipotoka kuwazuia walikuwa wameshafika mlangoni.

Kisha wakaketi, upande wa zizi. Hawakuomba kitu. Debe likaanza kulia taratibu, wakaimba wimbo ule ule wa jiko lisilotoa moshi, waliousikia jana, na walipofika mahali pa jina wakanyamaza wote kwa pamoja, wakimtazama Mihayo. Majirani walikuwa wamejaa uani.

Mihayo alikuwa ametunga nyimbo za kuaibisha watu maisha yake yote, na hakuwahi kukaa upande huo wa wimbo. Akaamuru fahali akamatwe haraka.

"Nyama walikula jana, baba," Nyanjige akasema. "Matumbo yao hayajaizoea. Wamezoea maziwa."

Mihayo akashukuru Mungu, akasema maziwa yapo tele, waletewe vibuyu.

"Wanakunywa kidogo kidogo," Nyanjige akasema. "Kila asubuhi."

Debe likalia mara moja, likanyamaza. Mihayo akawatazama majirani, akatazama zizi lake. Akaingia mwenyewe, akatoka na ng'ombe mwekundu mwenye ndama, akamkabidhi Nyanjige kamba.

Nyanjige hakungoja kufika shuleni. Alisimamisha shule nzima njiani, ndama akashikwa, akakamulia kwenye bakuli, akampa Sayi. Sayi akanywa mpaka bakuli likamfunika uso, na Nyanjige akaketi chini mavumbini akilia na kucheka. Watoto wakampa ng'ombe jina hapo hapo, wakamwita Fulana.

Mwaka uliofuata kampuni ilileta fulana nyingine. Mihayo alizipokea, na alipoulizwa safari hii watajitolea shule gani, akasema iliyo mbali.