C ya Mwalimu Paulinus

Mwalimu Paulinus Opolot, mtu wa Malaba, alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kukubali kosa mbele ya mtu aliye chini yake. Afadhali ameze mfupa wa samaki mbuta. Alifundisha hesabu katika chuo cha ufundi pale Busia, na chuo kilipoletewa programu ya kompyuta inayofumbua milinganyo ya calculus, aliipokea kama nabii. Unaiandikia swali, inakupa jibu, na mwishoni inabandika C, yaani namba yoyote ambayo bado haijajulikana. Majibu ya kusahihishia mtihani akayachota humo. Aliyeandika tofauti, hata kama ni kidogo, alipata sufuri. Uvivu huo mwenyewe aliuita ukali.

Vivianne alikuwa mwanafunzi wake wa mwaka wa pili, binti wa mama muuza samaki wa Port Victoria. Alisomeshwa na kanisa kwa sharti kwamba asianguke somo hata moja. Paulinus alilijua hilo vizuri, maana padre alikuja mwenyewe kumwomba amtazame huyo mtoto.

Siku ya kurudishiwa karatasi, Vivianne alisimama.

"Mwalimu, naomba uangalie swali la mwisho. Computer imesema nusu ya sine mraba, jumlisha C. Mimi nimepata kutoa nusu ya cosine mraba, jumlisha C. Lakini si hiyo ni kitu moja?"

"Sine na cosine ni kitu moja? Tangu lini?"

Darasa likacheka. Msichana hakuketi.

"Hizo mbili zinapishana na nusu tu, na hiyo nusu inaingia ndani ya C. Ni kama mama akipima samaki na beseni. Ukiweka beseni kubwa ama beseni dogo, mzani unasoma tofauti, lakini samaki ni wale wale."

Alieleza vizuri kuliko kitabu. Paulinus akafanya alichozoea kufanya.

"Kama unajua mabeseni hivyo, rudi Port ukamsaidie mama yako kuuza. Hapa tunafanya hesabu."

Wakacheka mpaka wengine wakagonga meza. Vivianne akaketi, akaikunja karatasi yake tena na tena mpaka ikakataa kukunjika.

Hadi hapo ningemsamehe. Kutojua si dhambi. Lakini mchana ule ule alijifungia ofisini, akaiandikia programu majibu yote mawili, akaiamuru itoe moja kwenye lingine. Sine na cosine zikafutika. Ikabaki C moja kutoa C nyingine, na ile nusu. Akaiamuru ifupishe, nayo ikazimeza zote, ikarudisha herufi moja tu: C. Msichana alikuwa sahihi. Alama zilikuwa bado mezani, hazijapelekwa, na kuzirekebisha kusingempotezea hata muda wa kunywa chai. Akaliwaza lile darasa lililocheka, akajiona amesimama mbele yao anaomba radhi. Akafunga kompyuta, akaenda kula. Sufuri ikapelekwa ilivyo, ikamwangusha Vivianne somo la hesabu, na kanisa likaacha kumsomesha.

Mwaka uliofuata, siku mkuu wa idara alipokuja kumkagua, Paulinus aliingia darasani na mzani na mabeseni mawili ya plastiki. Akaweka mawe badala ya samaki.

"Beseni kubwa, beseni dogo, samaki ni wale wale," akasema. "Tofauti ya beseni ndiyo inamezwa na C."

Wanafunzi wakapiga makofi. Mkuu wa idara akamuuliza ameutoa wapi mfano mtamu hivyo.

"Nimeufikiria tu."

Msichana wa nyuma, Emmaculate, ambaye ndio kwanza ameingia chuoni, hakupiga makofi. Akainua mkono.

"Mwalimu, huo mfano ni wa dada yangu Vivianne. Alikuwa anatufundisha nao nyumbani."

Mkuu wa idara alikuwa anamtazama Paulinus usoni.

"Na dada yako yuko wapi siku hizi?" mkuu akamuuliza Emmaculate.

"Aliolewa ng'ambo ya mpaka, Tororo, na mzee wa malori. Ni bibi wa tatu. Hakutaka, lakini mama alishindwa kumweka."

Paulinus angeweza kusema neno moja la ukweli, hata kwa kunong'ona. Akatabasamu.

"Basi mpe hongera," akasema, akafuta ubao. "Tuendelee. Na karatasi yako, Emmaculate, nitaisahihisha mimi mwenyewe."