Mkono Ulioombewa Butiama

Jamani, kuna aibu za kumwaga chai mbele ya wakwe na kuna hii yangu, na kabla hamjaanza kucheka naomba mjue kwanza kwamba mimi ni MC mzuri, tena mzuri kweli, Musoma nzima simjui anayeweza kuwanyanyua wazee vitini wakishashiba wali kama mimi, kwa hiyo haya ninayowasimulia hayakutokea kwa sababu sijui kazi, yalitokea kwa sababu siku moja asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu, niliingia duka la dawa pale Nyakato nikanunua bendeji na mwilini sina hata mkwaruzo.

Nina tatuu. Imeanzia kwenye kiwiko cha mkono wa kushoto mpaka kwenye kifundo, kamongo mzima amejikunja, nilimchora Mwanza enzi zile nikiwa mnenguaji wa bendi. Baba yangu kule Kiriba alikuwa mvuvi na alipendaga kusema kamongo ana roho ngumu, maji yakikauka anajizika kwenye tope anangoja mvua, na mimi kwa niliyoyapitia nikaona huyo samaki ni ndugu yangu wa damu. Tatizo la kamongo (kwa ninyi msiokulia ziwani) ni kwamba ni mrefu na ana mwili wa kuteleza, ukimwona kwa mbali unasema ni nyoka, na hivyo ndivyo kila mtu anavyosema. Sasa mwanamke mwenye nyoka mkononi, aliyewahi kunengua jukwaani, kwenye vikao vya harusi huyo hata hajadiliwi.

Kuna kamati moja ya Bunda ilinisikiliza, ikacheka mpaka machozi, nikanyweshwa na soda, halafu mwenyekiti akaniambia kwa upole kabisa kwamba sauti yangu wameipenda ila ule mkono utaonekana kwenye video. Wakamchukua kaka mmoja ambaye (mpishi wa siku hiyo ndiye aliyenihakikishia) alimtaja bibi harusi kwa jina la dada yake mara mbili. Lakini mikono yake ilikuwa safi, na video ilitoka safi.

Basi akatokea rafiki yangu Nyamisi, tuliyekaa naye dawati moja sekondari, anaolewa, na sendofu yake inafanyika nyumbani kwao Butiama. Baba yake, Mzee Magesa, ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa, na alishatangaza kwamba wasanii wenye michoro mwilini hawakanyagi kwake. Nyamisi akagombana naye, akamwambia MC ni Nyanjura (ndiyo mimi huyo), na kwamba tabia yangu anaidhamini yeye mwenyewe. Mzee akakubali kwa shingo upande bila kuniona, na habari ya tatuu hakuambiwa. Nyamisi akanipigia simu akaniambia nije nilivyo, baba yake ataelewana naye baadaye, na mimi nikamjibu sawa, rafiki yangu, nakuja nilivyo.

Halafu sare ikaletwa. Nilikuwa nimejipanga na gauni langu la mikono mirefu, kumbe kamati imeamua MC avae kama wanakamati, na fundi wao ameshona mikono inayoishia juu kabisa. Nikajitazama kwenye kioo, kamongo naye ananitazama. Nikawaza, Nyamisi amenidhamini, nikimwaibisha mbele ya baba yake siku ya sendofu yake nitamtazama vipi? Ndipo nikaenda duka la dawa. Nikajifunga mkono wote kama mtu aliyetoka kwenye vita, nikabana na pini kubwa, na niseme ukweli, nilijiona mjanja.

Ujanja wenyewe haukumaliza hata saa moja. Getini kaka yake Nyamisi akaniuliza nimefanya nini, nikamwambia uji wa moto. Nikapita jikoni kusalimia, akina mama wakanipa pole, wakauliza, na ulimi wangu ulivyozoea kunogesha mambo nikawaambia nilikuwa nakaanga sato, mafuta yakaruka. Ile natoka jikoni nakutana na Mzee Magesa mwenyewe, suti ya kaki, fimbo mkononi, na sijui ni shetani gani alinishika, nikamwambia nimeanguka na bodaboda. (Tatu! Ndani ya dakika kumi! Hata wanasiasa wanapumzikaga katikati.)

Mzee akanitazama kwa huruma ambayo sikuitegemea. "Pole sana, binti," akasema. "Na umekuja kazini hivyo hivyo na maumivu yako. Nyamisi alinambia wewe ni mtu wa kweli, mimi nikabisha."

Nilitaka kuzama kwenye tope kama kamongo.

Shida ni kwamba Mzee ana dada, Shangazi Perusi, nesi huko Bunda, mwanamke mpana asiyejua kupepesa macho. Akanifuata nilipokuwa najaribu kipaza sauti, akaishika bendeji kwa vidole viwili, akainusa. Akasema haina harufu ya dawa, na kwamba kidonda cha moto hakifungwagi hivyo, hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafungi hivyo. Kisha akaninong'oneza: "Kaka ameniambia pikipiki, jikoni wameniambia mafuta. Uliangukia kwenye kikaango?" Akasema anakwenda kuchukua mkoba wake anifunge upya.

Nilichofanya, nilimwambia DJ apige wimbo nikafungua shughuli pale pale, bibi harusi mtarajiwa yuko ndani anasukwa, nusu ya kamati inatafuta viti, mchungaji ana kikombe cha chai mkononi. Na hapo ndipo mtajua kwamba najua kazi, maana ndani ya robo saa nilikuwa nimewageuza wote. Nikawatania wakwe na wenyeji, nikamfanya mwenyekiti acheze, wazee wa Butiama waliokuja wamenuna wakaanza kupiga makofi, na Nyamisi alipotoka ndani na shela lake kila mtu alikuwa amesimama, akanitazama, akaitazama bendeji, uso ukambadilika. Alielewa mara moja. Alipita tu mbele yangu akakaa.

Kabla ya chakula Mzee Magesa akaomba kipaza. Nikajua anataka kushukuru wageni. Akasema yeye ni mtu mwenye msimamo mkali, wote wanamjua, lakini leo amejifunza kitu kwa binti huyu aliyepata ajali na bado akaja kutimiza ahadi yake, na kwa hiyo anamwomba mchungaji, kabla hatujaombea chakula, tuuombee huu mkono.

Watu mia mbili wakaninyooshea mikono. Mchungaji akanishika kwenye bendeji, hapo hapo juu ya kichwa cha kamongo, na hayakuwa maombi mafupi, aliombea mishipa, akaombea mifupa, akaombea na madereva wa bodaboda wa mkoa mzima wapate hekima. Kila mtu alifumba macho isipokuwa Shangazi Perusi. (Najua kwa sababu na mimi sikufumba.) Nikasema amina kwa sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya kipaza.

Watu wakala, tukaingia zamu ya zawadi. Mnajua inavyokuwaga, akina shangazi wanakuja kwa mstari wakicheza, wamebeba sufuria na vitenge kichwani, na MC yuko katikati anawachombeza. Shangazi Perusi ndiye aliyetangulia, ana kilemba cha lesi kama kiota cha korongo, akainama mbele yangu kutikisa mabega, nami nikainua mkono wa kushoto kumpepea, na pini yangu ikanasa kwenye ile lesi.

Sikujua mara moja. Nilijua alipoanza kurudi nyuma kwa madaha na bendeji ikaanza kumfuata. Nikawaza haraka, nikaanza kumfuata na mimi kwa kucheza ili isikaze, yeye hatua kushoto na mimi kushoto, yeye akizunguka na mimi nazunguka, watu wakafikiri ni staili mpya, mstari mzima wa mashangazi ukaanza kutuiga, DJ naye akaongeza sauti, mjinga yule. Halafu Shangazi akafika kwa Nyamisi, akageuka ghafla kuweka sufuria chini, na bendeji yote ikaondoka mkononi mwangu ikamfuata kama mkia.

Mtu mmoja huko nyuma, ambaye mpaka leo namtafuta, akapiga kelele: "Amepona!"

Vigelegele vikalipuka. Akina mama wa kwaya wakanyanyua mikono juu, mchungaji akasimama, na mimi nimeduwaa na mkono wangu hewani, mzima, unang'aa mafuta, na kamongo wangu amejikunja kwa raha zake. Vigelegele vikaanza kufa kutoka viti vya mbele kwenda nyuma, safu moja baada ya nyingine, mpaka kukawa kimya kabisa, na ndani ya kile kimya nikasikia neno moja linatembea: nyoka, nyoka, nyoka. Mzee Magesa alikuwa amesimama. Hakunitazama mimi, alimtazama binti yake.

Hapo nikajua nimeharibu. Bunda walinikataa mimi peke yangu nikarudi nyumbani nikalala, lakini Nyamisi amesimama kwa ajili yangu mbele ya watu wa kwao, na nimemvunjia jina kwa bendeji.

Kilichovunja kimya ni fimbo inayogonga mguu wa kiti, wala si ya Mzee. Mama yake Mzee Magesa, Bibi Nyabise, mwenye chale tatu kwenye kila shavu, alikuwa kwenye kiti cha mbele na macho yake hayaoni mbali, akaniashiria nimletee huo mkono. Nikapiga magoti. Akaushika, akausogeza karibu na pua, akalowesha kidole gumba kwa mate akasugua kuona kama unafutika.

"Nyoka gani ana mapezi?" akasema. "Huyu ni kamongo. Sisi tulikatazwaga hata kumla, wanawake hawamli kamongo. Wewe umemvaa."

Mtu akacheka, halafu wawili. Bibi hakuwajali, alikuwa bado na mimi.

"Walipokuwa wanakuchora ulilia?"

"Nililia, Bibi."

Akajigusa shavu pale penye chale. "Mimi sikulia," akasema, kwa majivuno kabisa, kisha akaniachia mkono, akamwambia mwanawe akae chini maana anaziba upepo, na mimi niendelee kwa sababu yeye bado hajacheza.

Basi niliendelea. Ningefanya nini? Nyamisi alinipa kipaza mwenyewe, na aliponipa akaniambia sikioni, "Nilikwambia uje ulivyo," wala hakutabasamu. Nikafanya kazi mkono wazi, na nilifanya vizuri kuliko mwanzo, maana mtu ambaye hana tena cha kuficha anapata pumzi. Bibi alicheza. Mchungaji hakucheza lakini nilimwona akitikisa mguu.

Wakati napakia vitu Mzee Magesa alinifuata kwenye gari. Nikajiandaa kutukanwa, na kama angenitukana ningejibu, nawaapia, maneno nilikuwa nayo, nilishayapanga kuanzia Bunda: kwamba mkono hauongozi sherehe, na kwamba mama yake mzazi ana michoro sita usoni. Lakini alisimama pale ameegemea fimbo, mtu mzima, amechoka.

"Binti," akasema, "mchoro wako siupendi na sitakudanganya kwamba nitaupenda. Lakini mimi nilikuombea kwa moyo wangu wote."

Akaondoka. Yale maneno yangu yote niliyoyapanga nikayapakia pamoja na vitu, nikarudi nayo Musoma.

Nyamisi alininunia mpaka alipotoka fungate, kisha akanipigia akicheka, kwa hiyo huko nimesamehewa. Kazi zangu sasa nazitafuta hivi: nikiitwa kwenye kikao cha kamati navaa mikono mifupi, nakaa, nauweka mkono mezani kabla soda haijafunguliwa, nawaambia huyu ni kamongo, ana mapezi, nilimchora kwa hiari yangu, na mimi ni MC bora mtakayempata. Wengine wananiambia asante, tutakupigia (Bunda bado hawajapiga), na mimi nanyanyuka na heshima zangu. Wengine wanacheka, wananichukua. Kutubu tatuu sitatubu, sina nilichomkosea mtu. Bendeji ndiyo niliyoiapia, sitaifunga tena hata nikatike.

Na nimejaribiwa. Juzi juzi nilikuwa Kiriba kwa mama, nakaanga sato, mafuta yakaruka kweli, mkono ule ule, lengelenge kubwa mkiani mwa kamongo. Kesho yake nina shughuli Musoma. Nikapaka dawa, nikaacha wazi, nikasimama mbele ya watu, ambao kisa cha Butiama wote wameshakisikia, nikawaambia jamani nimeungua, naomba mniombee. Ukumbi mzima ulicheka. Nikawaambia safari hii ni kweli. Wakacheka zaidi, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.