Mahali pa Mama Eseza

Naona haya kulisema hili, tena mbele yenu mapadri wenzangu ambao najua mtalipeleka mbio Muheza nzima kabla chai haijapoa, lakini afadhali mlisikie kutoka kwangu kuliko mletewe na mtu wa Kampala akiwa ameshalitia chumvi: mimi, askofu, mtu mzima mwenye mvi na wajukuu, nimekataliwa hadharani na mwanamke ambaye sikumposa.

Mnajua nilivyotumwa kule, niwalee Waanglikana wanaosali kwa Kiswahili: familia za askari na polisi, Wakongo waliokimbia vita, na Wakenya wachache wa biashara. Ninyi huku mnadhani askofu wa ng'ambo anaishi kama balozi. Wapi. Jumapili natoa kipaimara, Jumatatu nazunguka kutafuta viti vya kuazima, Jumanne niko msibani nimekalishwa mbele kabisa natikisa kichwa kwa hotuba za Kiganda ambazo naelewa nusu, na hiyo nusu yenyewe nabahatisha. Kitu kimoja tu nilichojivunia ni Kiswahili changu, maana kila nikihubiri watu wanakuja kunisifu kwamba Baba Askofu unaongea kama redio, na mimi (binadamu ni binadamu) kichwa kikavimba.

Sasa, tulikuwa na kikundi cha akina mama washonaji, kiongozi wao Mama Eseza, Mganda, mjane wa polisi, mwanamke mpole mwenye msimamo. Walikuwa wamepanga chumba Namuwongo, karibu na reli, na kila mvua ikinyesha maji yanaingia, vitambaa vinaota ukungu, wateja wanakimbia, mpaka mwenye nyumba naye akawaambia wahame. Wasipopata pengine ilikuwa wagawane cherehani na kila mmoja aende zake, na kwa wengi wao, hasa wale mama wa Kikongo, cherehani hiyo ndiyo ilikuwa chakula cha watoto. Nilikuwa silali vizuri kwa ajili yao.

Nikakumbuka kwamba Mama Eseza ana kaka yake Mengo, Afande Kaggwa, polisi mstaafu, na uani kwake kuna banda zuri la matofali lililojaa magodoro ya zamani tu. Mama Eseza alikuwa anaona soni kumwomba kaka yake. Padri Musoke, msaidizi wangu, Mganda wa pale pale Mengo, akaniambia Baba, niachie mimi nimpigie, niongee naye Kiganda taratibu. Nikakataa. Nikamwambia Afande amekula Kiswahili cha kambini maisha yake yote, na Kiswahili ni mali yangu, kaa utazame. Huo ndio uamuzi ulionimaliza.

Nikampigia. Baada ya salamu nikasema, kwa sauti yangu ile ya madhabahuni, "Afande, nina ombi zito. Nataka tuzungumze habari ya mahali, kwa ajili ya Mama Eseza." Nilikusudia kuongeza "na wenzake", lakini upande wa pili nikasikia mzee anavuta pumzi, akanikatiza.

"Bishopu, wewe nasema kweli?"

Nikamjibu ni kweli, tena nimeliombea jambo hili muda mrefu.

"Basi mahali tutaongea. Kuja Jumamosi na watu yako. Lakini sisi ni watu ya kanisa, hii hapana mahali ya ng'ombe mingi."

Nikafurahi sana, kwa sababu kweli penye ng'ombe wengi pasingefaa kwa vitambaa.

Jumamosi nikaona niende kwa heshima. Nikavaa kanzu na koti juu, kama wanavyovaa wanaume wa Kiganda kwenye shughuli zao (kanzu yenyewe nilipewa zawadi, nikasema leo ndiyo siku yake), na kwa kuwa kwetu huwezi kwenda kuomba kitu kwa mzee mikono mitupu, nikanunua jogoo mweupe mkubwa. Nikachukua wazee wawili wa kanisa wawe mashahidi, na Padri Musoke. Padri akamtazama jogoo, akaitazama kanzu, akanitazama mimi, akatabasamu njia nzima, na neno lake lilikuwa moja tu, kwamba Mungu ni mwema.

Tukafika. Pana turubai, pana viti vya kukodi, matoke yanafukuta kwenye majani ya mgomba, wanawake wamevaa magomesi yanayometameta, majirani wamejaa mpaka getini. Nikajisemea, Waganda ni wakarimu jamani, yote haya kwa ajili ya banda. Nikamkabidhi Afande jogoo wake, vigelegele vikapaa, nami nikapunga mkono kama mgombea ubunge. (Kumbe kwa Waganda jogoo ndiye anayepewa kaka wa bibi harusi. Ningejuaje?)

Afande akasimama, akaniuliza mbele ya watu nimefuata nini. Nikasimama na mimi, nikasema kwa Kiswahili cha kupiga pasi kwamba nimekuja kwa habari ya mahali, kwamba Mama Eseza ametaabika vya kutosha, na kwamba mkinikubalia nitakuwa nakuja hapa kila wiki. Wanawake wakacheka wakiziba midomo. Nikadhani nimewafurahisha, na kwa kweli nilikuwa nimewafurahisha.

Kisha wakamtoa Mama Eseza ndani, amependeza, ameshikwa mkono na shangazi yake, wakamketisha kwenye mkeka katikati, peke yake. Nikamwinamia Padri Musoke nikamuuliza mbona hakai na wenzake wa kushona.

"Baba, bibi harusi hakai na wengine."

Nikamuuliza bibi harusi gani. Akanishangaa, akaninong'oneza, "Si tumekuja kwa mahali? Nilikusikia kwenye simu, nikadhani la banda umeliacha." Nikamwambia ndiyo, mahali. Naye akasema ndiyo, mahali, ile ya kuoa.

Ndugu zangu, damu ilinishuka mpaka kwenye soksi. Mahari. Wenzetu wale l na r kinywani mwao huingiliana, mahali na mahari wanazitamka sawasawa, na mimi bingwa wa Kiswahili nilikuwa nimempigia mzee wa watu simu kumposa dada yake. Jasho likanitoka ndani ya kanzu. Nikisimama kusema sikumtaka, namvua nguo mwanamke mwenye heshima zake mbele ya ukoo mzima, na banda nalo limekwenda. Nikinyamaza, naoa. Nikaanza kumwomba Mungu anioneshe mlango, na wakati naomba, Afande akamgeukia dada yake akamuuliza kama mgeni huyu anamjua.

Mama Eseza akainua uso. "Namjua. Ni Bishopu yetu, na mimi naheshimu yeye sana. Lakini kuolewa mimi hapana taka. Nilizaa, nililea, nilizika bwana yangu. Sasa nataka kushona."

(Baadaye niliambiwa alipewa habari asubuhi ile ile na shangazi, akaona jibu kama hilo si la kutuma kwa simu.)

Nilipumua. Halafu, niwaambie ukweli, nikaumia. Sikumtaka, haijawahi hata kunipitia akilini tangu nimzike mke wangu, lakini yule mama angalau angesitasita kidogo, angetazama chini, angesema atafikiri. Hakufikiri hata chembe.

Afande aliona aibu kuliko mimi. Watu wameandaliwa chakula, na dada yake amemkataa askofu. Akanishika bega akaniuliza anifanyie nini nisiondoke na uchungu kwake, na Padri Musoke, aliyekuwa bubu siku nzima, ndipo akakumbuka ulimi wake na kumweleza kwa Kiganda kwamba akina mama hawana pa kushonea. Banda likatolewa pale pale. Magodoro yalianza kutoka kabla hatujanawa mikono.

Nilijua siwezi kuliacha hivyo, banda limepatikana kwa huruma ya uongo. Nikamweleza kwanza Mama Eseza, akacheka mpaka akakaa chini, akaniruhusu nimwambie kaka yake. Nikarudi Mengo, nikamweleza mzee yote, l kwa l na r kwa r, kwamba sikuposa. Akanisikiliza kwa upole sana mpaka mwisho.

"Bishopu," akasema, "wanaume yote, wakikataliwa, nasema hawakutaka."

Basi nimeapa, Kampala silitamki tena neno lile. Nikitaka chumba nasema chumba, nikitaka banda nasema banda. Akina mama wanashona kwa amani, biashara inakwenda vizuri, na kila nikipita kuwasalimu Afande ananiletea kiti kivulini, ananiambia pole, na kwamba nisikate tamaa, ana binamu yake Masaka.