Persis Bosibori na Vyura Alioachilia

Kwa miaka kumi na saba Persis Bosibori aliwapelekea walimu wa bayolojia vyura. Kazi hiyo hakuisomea wala hakuitafuta. Alikuwa msafishaji wa maabara katika shule moja ya sekondari karibu na Keumbu, na siku moja mwalimu akalalamika kwamba somo la upasuaji limefika na hakuna mnyama wa kupasua. Persis alimwambia kwamba kwake Nyamira, chini ya shamba la chai, kuna kinamasi kilichojaa vyura. Jumatatu iliyofuata alifika na vyura ishirini ndani ya ndoo iliyofunikwa kwa kitambaa chenye maji. Mwalimu aliwaambia wenzake wa shule jirani, na mwaka haukwisha kabla Persis hajawa na shule tano.

Mumewe alipofariki, aliacha kusafisha maabara akabaki na chai, ndizi na vyura. Alishuka kinamasini asubuhi na mapema akiwa amevaa gambuti, akawashika kwa mikono katikati ya matete, kisha akapanda kuchuma chai. Majirani walimcheka, baadaye wakazoea. Mwanamke mmoja wa kanisani alimwuliza kama haogopi kushika mnyama anayetajwa katika mapigo ya Misri. Persis alijibu kwamba mapigo yale yalikuwa ya Farao.

Shule hazikutumia vyura wote. Akipeleka thelathini, sita au saba walibaki. Hakupenda kuua kiumbe asiyehitajika, na kuwarudisha hadi Nyamira kulimchosha, kwa hiyo aliwaachilia kwenye maji ya karibu: kijito kilicho kwenye mteremko wa Daraja Mbili, chemchemi moja ya Keumbu, na kinamasi kilicho kando ya njia ya Ogembo. Aliwatazama wakiruka majini, akaosha ndoo papo hapo, akaenda zake. Kwake ulikuwa wema mdogo wa kumalizia siku.

Miaka miwili iliyopita alikuja Eric Nyamweya, kijana wa mjini Kisii aliyekuwa akifanya utafiti wa shahada ya pili. Alikuwa akitafuta mtu anayejua vyura walipo, na kila aliyemwuliza alimtaja Persis. Walikubaliana wazunguke sehemu sita.

Asubuhi ya kwanza Persis alishangaa. Kabla ya kuingia majini Eric alisugua gambuti zake kwenye beseni la maji yenye dawa ya kung'arisha nguo, na alipotoka akazisugua tena. Kila chura alishikwa kwa glavu mpya. Alimpitishia kijiti chenye pamba tumboni na mapajani, akakitia kijiti kwenye kichupa, kisha akamrudisha chura pale pale alipomtoa. Persis alipouliza sababu, Eric alimweleza kwamba kuna kuvu anayeshambulia ngozi ya vyura. Chura hunywa maji kwa ngozi yake, na sehemu ya hewa anayovuta hupitia humo. Ngozi ikiharibika sana, moyo husimama. Katika nchi za mbali kuvu huyo alikuwa amemaliza aina nzima za vyura. Husafiri na maji, na tope la viatu, na vyura wenyewe wanapohamishwa.

Walipofika njia ya Ogembo siku ya tatu, walimkuta chura mmoja amekufa kwenye tope, miguu imetanuka, ngozi inabanduka vipande vipande. Persis alikuwa amewahi kuona wengine kama huyo pale pale, misimu miwili ya mvua iliyotangulia, akadhani ni dawa za mashambani. Hapo ndipo alipomweleza Eric kuhusu ndoo. Eric alitoa daftari akamwuliza sehemu, miezi, na idadi kadiri alivyoweza kukumbuka. Hakumlaumu. Alipomaliza kuandika alimshukuru, na shukrani hiyo ilimwuma zaidi ya lawama.

Majibu ya maabara yalichukua miezi minne. Eric aliyaleta mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, akamwonyesha ramani. Kuvu alikuwa amepatikana sehemu nne. Tatu kati ya hizo ni zile ambako Persis alikuwa akiachilia vyura. Ya nne ilikuwa kinamasi chake.

"Kwa hivyo ni mimi," Persis alisema.

"Mama, siwezi kusema ni wewe," Eric alijibu. "Pengine kuvu alikuwepo kabla hujazaliwa. Ng'ombe huvuka hapo, watu huchota maji hapo. Lakini pia siwezi kusema si wewe."

"Na vipimo vyako haviwezi kujua?"

"Haviwezi."

Wiki ile alichuma chai kidogo kuliko kawaida. Binti yake Beverlyne, aliyekuwa akifanya kazi Nakuru, alimwambia kwa simu kwamba vyura ni vyura, asijitese. Persis alimsikiliza hadi mwisho, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mwezi uliofuata alizunguka shule zote tano kuwaarifu walimu kwamba ameacha. Wanne walielewa, na mmoja wao alisema amekuwa akitaka kutumia michoro kwa muda mrefu. Wa tano, Bi. Gladys Bochaberi, alikasirika, kwa kuwa somo lilikuwa wiki mbili mbele. Persis alisimama mbele ya meza yake akamweleza habari ya ngozi, ya tope na ya ndoo, polepole, kwa Kiswahili chake cha shule. Bi. Gladys alimsikiliza, kisha akasema atatafuta mtu mwingine.

Alimpata. Anaitwa Nyakundi, fundi baiskeli wa Keumbu. Persis alipopata habari hizo alimfuata kwenye kibanda chake, akamtaka mambo mawili: asiwaachilie wanaobaki, na asugue viatu kwa dawa kila anapotoka majini. La kwanza Nyakundi alilikubali, kwani wanaobaki huwaachia walimu. La pili alisema ataliangalia.

Sasa Persis huenda kinamasini kwake mara moja kwa wiki, anahesabu vyura anaowaona na kumtumia Eric idadi kwa simu. Mwaka jana wakati wa mvua aliona thelathini na wanane. Mwaka huu ameona thelathini na mmoja. Eric amemwambia kwamba tofauti hiyo bado haina maana yoyote, inahitaji miaka. Akiwa na safari ya Keumbu hupitia kwa Nyakundi, na akimkuta amerudi kutoka majini humsimamia hadi asugue gambuti zake. Siku asizokuwepo, hajui.